Njia za kando ya ziwa tunazo, tuzipe majina

Ndugu Mhariri,

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalipomalizika Kigali, Septemba 2025, gazeti lako liliuliza: Tanzania lini? Nimeona wasomaji wengi wamejibu kwa kutaja timu ya taifa, wafadhili na viwanja. Mimi najibu kama mtu aliyejifunza baiskeli hapa Bukoba kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la Phoenix ya baba, maana kiti sikukifikia, na ambaye mpaka leo, wajukuu wamenizunguka, bado naenda shambani kwa baiskeli. Nasema tuanze na njia. Mashindano yatatukuta njiani.

Sisemi jambo la Kigali lilikuwa dogo. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kuja Afrika tangu yaanze mwaka 1921. Siku ya mwisho wanaume waliendesha kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Nilitazama kwa jirani na nikapiga makofi kama wengine. Lakini Rwanda niliyoibeba moyoni ni nyingine. Ni ya ukingo wa Ziwa Kivu, ambako miaka michache kabla ya hapo nilipita kwa baiskeli yangu siku sita, kutoka Rubavu hadi Rusizi.

Nilivuka mpaka pale Rusumo. Mtu wa kwetu akifika darajani lazima ajikumbushe kwamba sisi tunashika kushoto, wenzetu wanashika kulia. Mwenye gari hulizoea hilo upesi. Mwenye baiskeli hulihangaikia siku nzima, kwa kuwa kila akishtuliwa na honi mwili wenyewe unakimbilia upande wa nyumbani.

Njia hiyo wameiita Congo Nile Trail, na urefu wake ni kilomita 227. Jina limetokana na safu ya milima inayoigawa nchi ile. Mvua ikinyesha magharibi ya kilele, maji hushuka Kivu, yakafuata mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika na mwishowe Kongo. Ikinyesha mashariki, maji huingia Nyabarongo, kisha Kagera, yakaja kumwagika katika Ziwa Victoria kaskazini kidogo ya mpaka wetu na Uganda, kuelekea Nile. Nilipoelezwa hivyo na mzee mmoja wa Rubavu, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Goma, nilisimama nikautazama ule mlima kwa muda mrefu. Maji yake ndiyo yanayokuja kwetu.

Kuna barabara mbili kule. Iko ya lami, inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na mwaka 2020 waendeshaji wa Tour du Rwanda waliimaliza kwa siku moja, zaidi ya kilomita 200. Iko na ya vumbi, ambayo kwa sehemu kubwa inapita chini zaidi, karibu na maji, inapanda kila kilima na kushuka kila bonde, na mahali pengine inaungana na ile ya lami kisha inaiacha tena. Mimi nilifuata ya vumbi. Ndiyo inayopita Kinunu, kwenye kahawa. Nilifika huko wakati wa mavuno nikakuta akina mama wamesimama kwenye vichanja virefu, wanachagua buni kwa mkono, punje kwa punje, huku ziwa liko chini yao limetulia. Sisi wa mkoa wa Kagera tunaijua kahawa, ila ile yao ni arabika, yetu ni robusta, na tulibishana kwa ishara na maneno machache ipi ni bora. Sikushinda.

Jioni wavuvi wa Kivu hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma, wakipiga makasia kwa wimbo. Wanakwenda kuvua sambaza. Samaki hao wadogo asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walipandikizwa Kivu kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo mtu wa Kigoma akiletewa sahani yake kule atamtambua jamaa yake. Niliwala Karongi, wa kukaanga, na chumvi na pilipili, nikiwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuongea.

Na watoto. Kila kilima watoto wanakimbia pembeni yako wakipiga kelele "Komera! Komera!", yaani jikaze, kuwa na nguvu. Ukisikia hivyo ukiwa umeinama juu ya usukani, jasho linaingia machoni, husimami. Huwezi kusimama mbele ya watoto wale.

Lakini, Mhariri, kilichoniuma ni kibao. Kwenye njiapanda isiyo hata na duka, mahali ambapo kwetu ningekaa kumsubiri mpita njia nimuulize, kulikuwa na kibao kinachoonyesha njia inaelekea wapi. Mbele tena, kingine. Vibao vya kawaida kabisa. Nilikaa chini ya kimojawapo nikanywa maji, nikafikiri: ziwa tunalo, tena kubwa kuliko yote Afrika. Vilima tunavyo. Kahawa na migomba tunayo. Watu wakarimu tunao, sidhani wapo wanaotushinda. Tulichokosa ni mtu wa kutembea na mkanda wa kupimia, kopo la rangi na nia.

Chukua njia ya kutoka Bukoba kwenda kusini, lakini uiache barabara kuu upite vijijini. Utapita Maruku, na jirani yake Katuruka, palipokuwa ikulu ya Mukama (mfalme) Rugomora Mahe, na ambapo wataalamu walifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa karibu miaka 2,000 iliyopita. Utapita kibanja, ambamo migomba imefunika njia hadi unaendesha kivulini saa sita mchana, halafu ghafla unatokea rweya, nyasi tupu na upepo, na ziwa limejaa upande wako wa kushoto hadi macho yanapoishia. Kibanja, rweya, kibanja, rweya, hivyo hivyo mpaka miguu inajua yenyewe. Kemondo kuna bandari na samaki. Baada ya hapo unaweza kukata kwenda juu Kamachumu. Mlima ule sitausifia, kila aliyeupanda na mkungu wa ndizi kwenye keria anaujua. Ila ukifika juu, hewa inabadilika, jasho linakauka, na unageuka kutazama ulikotoka. Mwezi wa Novemba unaweza kubahatika na senene pia, wale panzi wetu wa kuliwa.

Njia hiyo haina jina. Kwa hiyo hakuna anayeitafuta, na siku ikichimbwa au kuzibwa hakuna anayeilalamikia, kwa sababu utalalamikiaje kitu kisicho na jina?

Nimesikia hoja kwamba utalii wa baiskeli ni wa watu wachache na hauna fedha. Naomba nitoe hesabu ya safari yangu, si ya tarakimu ila ya mikono iliyopokea. Mwenye gari hubeba chakula na maji yake kwenye buti, akapita vijiji kumi bila kushuka. Mwenye baiskeli hana buti. Anakula kila baada ya saa mbili, ananunua ndizi kwa mama huyu na chai kwa yule, na giza likiingia analala pale alipofika, hachagui. Spoku zangu mbili zilikatika karibu na Kibogora. Fundi wa kijijini akazibadilisha chini ya mti, akanyoosha na rimu, akalipwa. Siku sita nilizoendesha, fedha yangu iliachwa sehemu zaidi ya thelathini, na karibu zote ni za watu wasio na ofisi.

Hoja ya pili ni mvua, na hiyo ni ya kweli. Bukoba hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na njia ya udongo mwekundu ikilowa hushika tairi hadi unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Kivu nako hunyesha sana. Nilichokiona ni mitaro, mingine imejengwa kwa mawe, na inasafishwa. Wenzetu wana umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi tuna msaragambo, neno ambalo vijana wangu wanalijua kwa kulisikia tu. Mtaro mmoja ukizibuliwa kabla ya masika unaokoa barabara ya kijiji kizima, na anayefaidika kwanza si mtalii. Ni mama anayewahishwa kliniki, na mkulima anayepeleka kahawa chamani.

Na hapa ndipo naomba kusikilizwa zaidi. Njia ya baiskeli kando ya ziwa ni ya wenyeji kabla ya kuwa ya mgeni yeyote. Kwenye barabara kuu ya kwenda Muleba kila alfajiri wapo vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba mikungu minne, mitano, wameinama, hawaoni nyuma. Mimi mwenyewe lori lilinifuata kwa honi kwenye mteremko, likanipita kwa karibu hadi nikaingia mtaroni nikavunjika mtulinga. Dereva hakusimama. Miezi mitatu sikuweza kushika usukani, na kila nilipopita pale kwa daladala nilifumba macho. Ningekuwa kwenye njia ya kijijini iliyo kamili, au barabara ile ingekuwa na bega pana la lami la mita moja na nusu, lile lori lingepita zake na mimi ningepita zangu.

Kwa hiyo maombi yangu kwa halmashauri za mkoa huu, na kwa TARURA na TANROADS, wakala wanaosimamia barabara za vijijini na zile kuu, ni haya. Barabara kuu inapokarabatiwa, bega lake liwekewe lami na mstari, lisiachwe changarawe inayoteleza. Njia za vijijini zinazofuata ziwa zichaguliwe kwa kuwauliza wanaozitumia, si kwa kutazama ramani ofisini. Zipimwe, zipewe jina la Kihaya au la Kiswahili ambalo wenyeji watalikubali, na kila njiapanda iwekwe kibao chenye jina la kijiji na kilomita zilizobaki. Mafundi baiskeli waliopo njiani waorodheshwe, na kadhalika wanaopikia na kulaza wageni.

Sehemu ya Bukoba hadi Kamachumu nimekwisha kuipima mwenyewe, kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu, vilima na njiapanda zote, na nimeandika kila mahali penye maji safi na kila mahali palipoharibika. Daftari lipo. Ofisi itakayolihitaji initumie salamu kupitia gazeti hili, nitalileta.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Bukoba