Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Kiboriloni

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Jumamosi nilikaa nawe jikoni ukimenya ndizi za mtori, nikaona kisu kikikuponyoka mara tatu nawe ukikiokota bila kusema neno. Siku mbili kabla, daktari alipokuuliza hali, ulimjibu, "Namshukuru Mungu, sijambo." Najua ni adabu, na najua pia unaogopa kwamba ukisema mikono imelegea tena, ukoo utadhani fedha tulizochanga zimepotea bure. Hakuna anayewaza hivyo.

Ugonjwa wako, ambao madaktari huuita CIDP, hutokea kinga ya mwili inaposhambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu, hata ujumbe wa ubongo ukachelewa kufika kwenye vidole na nyayo, au usifike kabisa. Dripu unayowekewa ni kingamwili, yaani protini za kinga, zilizotolewa katika damu ya maelfu ya watu waliojitolea. Hutuliza mashambulizi hayo, lakini mwili huzipunguza siku hadi siku, ndiyo maana baada ya dozi ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito zikigawanywa kwa siku 2 hadi 5, wagonjwa wengi huendelea na gramu 1 kwa kilo kila baada ya wiki 3. Huo ni mwanzo tu, Shangazi. Wapo wanaohitaji dripu mapema zaidi, na wapo wanaotosheka na dozi ndogo. Daktari hawezi kukupangia wewe ikiwa kila mara anasikia sijambo.

Nimekununulia daftari. Kila jioni andika kama umefunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kama umefungua chupa ya chai, kama umepanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Andika na kile kichwa kinachokuuma usiku wa dripu, maana mara nyingi hupungua dripu ikiendeshwa polepole na mgonjwa akinywa maji ya kutosha. Kikiuma sana na shingo ikakakamaa, au kifua kikibana, usingoje kuandika. Nipigie hapo hapo, hata usiku wa manane.

Siku ya kliniki nitakupitia saa moja asubuhi. Daktari akiuliza hali, mpe daftari kwanza, kisha ndipo umshukuru Mungu.

Mtoto wa kaka yako.