Unaniuliza tangu lini Ujiji ikawa Asmara

Ujiji, Kigoma
27 Julai 2024

Swahiba wangu,

Huku tu wazima, mama anakusalimia na anauliza lini utakuja kula migebuka. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, kisha nikawasikilizisha na wenzangu hapa barazani, tukacheka mbavu hatuna. Eti kwa vile namshangilia mwendesha baiskeli wa Eritrea kwenye Tour de France, unauliza tangu lini Ujiji ikawa Asmara, mji mkuu wao? Nikaona hili nikujibu kwa barua, maana ukinipa nafasi ya kuongea huwa hunisikilizi hadi mwisho.

Kwanza, suala la kwetu na kwao usimletee mtu wa mwisho wa reli. Sisi tukifika Dar na majina yetu ya Kiha tunaulizwa kama ni Warundi, tumeshazoea. Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu huko Ufaransa, mwaka huu haikuwa na Mtanzania hata mmoja, na mimi siwezi kutazama mashindano muda wote huo nikiwa sina mtu wangu ndani. Nikamchukua Biniam Girmay wa Eritrea. Najua utaniletea habari za Chris Froome, bingwa wa zamani wa Tour, kwamba tulishakuwa na mtu. Ni kweli, kazaliwa Nairobi, na baiskeli kaanza kufundishwa na David Kinjah, Mkenya. Lakini mwaka 2008 alihamia bendera ya Uingereza, na mara zote nne alizolitwaa taji wimbo uliopigwa ulikuwa wa Malkia. Sina ugomvi naye. Ila wimbo nao una raha yake ukiwa wa jirani.

Sasa nikueleze kinachonikalisha na simu mkononi hadi bando linakata. Mpira ukiuwasha unamwona mchezaji wako muda wote. Huku wanaanza watu 176, timu 22 za watu wanane wanane, na timu zenyewe ni za makampuni, si za nchi. Girmay mwaka huu wa 2024 alikuwa timu ya Wabelgiji, jezi yake mwanzoni sawa na ya wenzake saba, na kofia ngumu wote wamevaa. Unaweza kukaa saa tano usimwone hata mara moja. Kamera ziko mbele na wale waliotoroka kundi. Yeye kajificha katikati ya kundi, nyuma ya migongo ya wenzake, wamkingie upepo, abakize miguu yake kwa mita mia mbili za mwisho. Kwa hiyo kumfuatilia mtu wako ni kazi ya kumtafuta.

Tarehe 1 Julai, hatua ya tatu (kila siku ya mbio ni hatua yenye mshindi wake), kilomita 230 kuingia Torino, nilikuwa kwenye benchi la kibanda umiza. Vijana walikuwa wamewahi nafasi wakisubiri mechi ya Euro, Ufaransa na Ubelgiji, saa moja jioni; mimi niko pembeni na simu yangu. Karibu na mwisho baadhi ya waendesha baiskeli wakaanguka, kundi likakatika. Nikamtafuta, simwoni. Mara namwona kabana kulia, kwenye vizuizi, kapenya pale ambapo mimi na akili zangu nisingepitisha hata mkono. Kashinda! Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour tangu mbio hizi zianze mwaka 1903. Nilipiga kelele benchi zima likageuka. Kijana mmoja akauliza nani kafunga. Nikamwambia Eritrea. Akauliza kama Eritrea nao wako kwenye Euro.

Baada ya hapo akashinda nyingine mbili, Colombey-les-Deux-Églises na Villeneuve-sur-Lot, na jezi ya kijani ikawa yake. Hii si ya aliyetumia muda mfupi kuliko wote, hiyo ni ya njano na Tadej Pogačar, Mslovenia, aliibeba bila huruma. Ya kijani ni ya pointi: hatua ya tambarare mshindi anapewa 50, na njiani kuna mstari mwingine ambao wa kwanza kuuvuka anapata 20. Jasper Philipsen, Mbelgiji, alikuwa anamfukuzia hizo hizo, na mwisho naye alishinda hatua tatu.

Lakini pointi hazikufai kitu usipofika Nice, mbio zinakoishia. Na hapa, swahiba, ndipo pananipendeza kuliko kushinda kwenyewe. Girmay ni mtu wa kasi, si wa milima mirefu. Siku za milima anabaki na kundi la nyuma, wakimbiaji wa kasi wote pamoja, wanasukumana wafike kabla muda haujafungwa, maana anayechelewa anatolewa. Muda huo unahesabiwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Maana yake Pogačar akiamua kuruka kama alivyoruka kwenye mlima wa Plateau de Beille tarehe 14, anayeumia ni mtu wangu huko nyuma, kwa sababu dakika zake zinapungua naye hajafanya lolote. Mshindi anafika kama saa kumi na mbili na nusu jioni yetu, kamera zinahamia jukwaani, watu wanapongezana. Mimi ndipo naanza kazi. Nafungua orodha ya matokeo nashuka nayo kwa kidole, majina mia moja na kitu, adhana ya Magharibi inakaribia, na jina silioni. Likitokea huko chini kabisa nashusha pumzi kama nimepanda mimi.

Kisha tarehe 16, Nîmes, akaanguka kwenye mzunguko wa barabara zimebaki kama kilomita moja na nusu tu. Philipsen akashinda. Kiwiko na goti vikashonwa, na mbele bado kulikuwa na mlima wa Bonette, mita 2,802. Usiku ule sikula vizuri, mke wangu shahidi. Kesho yake akapanda baiskeli na jezi yake ya kijani, akaenda hivyo hivyo hadi Nice tarehe 21.

Niliyotaka kukuambia hasa ni haya. Septemba mwakani, tarehe 21 hadi 28, mashindano ya dunia ya baiskeli yanafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Huko wanavaa jezi za nchi zao, kwa hiyo sitahangaika kumtafuta. Kutoka hapa tunakwenda Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, tunavukia Rusumo. Kulala tulale Nyamirambo, mtaa wa Kigali, Kiswahili kinazungumzwa na chakula ni chetu. Wewe ukitokea Mwanza njia ni fupi kuliko yangu, tukutane Nyakanazi stendi. Pasi yako ilikwisha muda, nakumbuka ulilalamika. Anza kuifuatilia sasa. Nauli ya kwenda najilipia, ya kurudi tutajua huko huko.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na uniambie kama shemeji atakuruhusu.

Swahiba wako,
wa mwisho wa reli