Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: ngano ya Narok inataka mbegu ya kuvumilia ukame

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa Kenya,

Salamu kutoka Ntulele. Mimi nalima ngano huku upande wa chini wa Narok, si kule Mau kwenye baridi, huku mvua ikikatika imekatika, na inapenda kukatika wakati ngano ndio inatoa masuke. Hapo ndio tunaumia. Shamba ukiliangalia kwa mbali utasema limekubali, lakini chuma suke moja ulisugue kwa kiganja upulize makapi, utabaki na punje nyembamba zimejikunja, zingine zinapeperuka na makapi, na hiyo ndio unapeleka kwa msagaji anapima uzito anakata bei, na kodi ya shamba na pesa ya kombaini zishaenda.

Na mbegu za kuvumilia ukame zinawezekana. Njoro BW1 ilitolewa 2001, watafiti wetu wa kituo cha ngano cha Njoro wakishirikiana na shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, mbegu zikapigwa miale halafu wakachagua zile zinazostahimili. Kwa hiyo kazi hii tunaijua.

Njoro yenyewe dunia inaijua pia. Ug99, ile kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu wa ngano, iliyoonekana Uganda 1998, ndio ilifanya kuanzia 2005 nchi nyingi zilete laini zao za ngano, yaani mbegu ambazo bado ziko kwa majaribio, zipimwe pale, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko pale shambani. CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano lililo Mexico, wanapima ukame kule Obregón kwenye jangwa, mbegu zinakuja Njoro kupimwa kutu, zinarudi huko kuendelea kuchaguliwa. Huu ni ushirikiano mzuri sana na naushukuru kwa dhati, lakini Waziri, Obregón wanapima kwa maji ya kumwagilia wanayoyapunguza wenyewe, huku kwetu mvua inadanganya, leo nyingi kesho hakuna, na udongo si ule. Laini zikishapita kutu zije zipandwe Ntulele na Suswa, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kule Monduli, Karatu na Hanang pamoja na wenzetu wa TARI Selian, kituo chao cha utafiti wa kilimo, msimu mmoja, mbegu zile zile, vipimo vile vile.

Ndio maana naomba ukae na mwenzako wa Tanzania mkubaliane data ya upande mmoja ikubalike upande wa pili, mbegu isianze majaribio upya kila ikivuka Namanga. Pia weka pesa yetu wenyewe, tusingoje wafadhili tu, mradi wao ukiisha na majaribio yanakufa. Ngano nyingi tunayokula inakuja kwa meli, na 2022 vita ya Ukraine ilipoanza kila mama aliyenunua unga wa chapati aliona bei.

Na mbegu ikipita, izalishwe ya kutosha ifike duka la pembejeo ikiwa na stika ya KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwa sababu wengi wetu bado tunapanda ile tuliyoweka kutoka mavuno yaliyopita.

Bajeti inasomwa Juni. Tunaomba jibu kabla ya hapo.

Mkulima wa ngano, Ntulele