Homa Bay ilitangulia

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi ilidai kwamba FM ilianza Kenya mwaka 1996, Capital ilipoingia hewani Nairobi. La hasha! Capital ilitangulia katika redio za kibinafsi tu. Sisi wa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, tulikuwa na kituo chetu cha FM cha Kijaluo tangu Mei 1982, kilichoanzishwa kwa msaada wa UNESCO. Mtambo wake ulikuwa wa wati 10. Balbu za sebuleni za siku zile zilikula umeme zaidi! Gharama yote haikufika dola 25,000.

Wakati huo nilikuwa mwanagenzi kwa fundi wa redio karibu na soko. Redio nyingi tulizotengeneza hazikuwa na FM, kwa hiyo watu walituletea redio nzima kabisa wakidai zimeharibika, "hazishiki Homa Bay". Mama mmoja muuza omena aliniita mwizi mbele ya wateja nilipomwambia yake haina ugonjwa wowote. Alitaka kusikia Kijaluo, basi. Aliyekuwa na FM alijaza majirani uani jioni.

Mwaka 1984 serikali ikakifunga kituo hicho. Tulingoja miaka mingi kabla ya redio za FM za lugha za mama kuruhusiwa tena, na leo kijana akifungua redio anadhani zimekuwepo siku zote.

Mkirekebisha makala, nitashukuru. Bado ninayo redio moja ya mwaka ule ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Hiyo ina FM.

Fundi mstaafu,
Homa Bay