Muulize nani alikula mali (mahari) ya nkambo

Bwana Mhariri,

Jambo sana. Naomba nafasi kidogo juu ya hii mambo ya bakijana kutafuta asili ya jamaa, siku hizi kila mutu anaulizana kwa watsapu, bengine banataka hata kutuma mate Ulaya bapimiwe asili, na bamama bazee bako hapa Katuba, Lubumbashi, hakuna mwenye anabauliza kitu.

Kwetu baba ya nkambo mwanamuke (bibi yetu) hakuna mwenye alikuwa anamujua. Na 1972 Mobutu akakataza majina ya kizungu, nkambo akapata karte ya kitambulisho yenye jina ingine kabisa, kwa komine (ofisi ya serikali) unatafuta mutu mwenye hayuko. Bazee banasema paka "acha maneno ya zamani". Kumbe nkambo aliolewa na bwana mwengine mbele ya kuolewa na nkambo yetu mwanaume, haya ikafunga watu kinywa.

Na ile ndoa njo ilituonyesha njia. Kwa Bakatoliki, tangu amri ya Roma ya 1907, mutu akifunga ndoa paruwasi (parokia) inatuma habari kule alibatizwa, padri anaiandika pembeni ya jina lake. Tulipofunguliwa kitabu cha ubatizo cha nkambo, pa baba palikuwa mustari mutupu, lakini pembeni, wino imekuwa rangi ya chai, kulikuwa kilatini kidogo kidogo, jina la mwanaume hatukusikiaka hata siku moja, na Kipushi, mji wa mgodi. Basi tukaenda Kipushi. Kitabu cha ndoa kina bashahidi, na tuliposoma jina la mmoja shangazi akaruka: "Eh! Ule njo alikula mali!" Alikuwa ndugu ya baba ya nkambo, shangazi alijua siku zote, ila hakuna mwenye alimuuliza hivyo.

Kwa hiyo muulize nani alikula mali. Baba mutu anaweza kumuficha, lakini mbuzi na feza zilipokelewa na mutu, na kulikuwa macho mengi. Kwa makabila ya Basanga ao Balamba muangalie na upande wa mama, kule mjomba iko na neno kubwa.

Muchunge na karatasi za kambi za wafanyakazi. Bwana wa kwanza wa nkambo alikuwa mutumishi wa Union Minière, kampuni ya migodi, alipokufa mutoto akaandikishwa kwa bwana wa pili apate posho, mpaka leo mjomba wetu mukubwa anabeba jina la baba wa kambo, na sizani iko peke yake mu Lubumbashi.

Bapadri nao, tafazali, bakubali tupige picha bile bitabu mbele ya mchwa kubimaliza, kuna paruwasi moja (sitaji jina lake) walitulipisha pesa ya kugeuza ukurasa tu.

Siye tungali tunatafuta jamaa ya ule bwana wa kwanza, wa mgodi wa Kipushi. Mwenye nkambo yake aliacha mujane na mutoto mwanaume kule, mbele ya vita ya 1940, apitie kwenu, jina tutalisema uso kwa uso.

Musomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi