Pazia si ukuta

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita, ila kila nikitaka kujibu zamu ya usiku inanimaliza. Leo nimepumzika, acha nilijibu lile swali lako: nesi anayemcha Mungu afanye nini akiona mgonjwa wake anahitaji sala?

Nikusimulie kwanza nilivyokosea mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na mama mmoja aliyepewa majibu mabaya asubuhi. Jioni nikamkuta amegeukia ukutani. Sikumwuliza kitu. Nilivuta pazia, nikamshika mkono, nikaomba kwa sauti, na humo kwenye maombi nikautaja ugonjwa wake kwa jina, kana kwamba Mungu hakuwa na habari. Nilipofumbua macho nikamkuta ananitazama. Hakuwa amefumba yake. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, wa kitanda cha pili sasa amejua."

Aliruhusiwa kurudi nyumbani kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi.

Tangu siku ile nauliza kwanza, na kwa sauti ya chini: "Siku hizi nini kinakupa nguvu?" Wengine humtaja Mungu, wengine watoto, mmoja alinitajia redio yake. Asiyetaka sala simgusi kwa hilo, naendelea na dripu yake. Anayetaka sheikh, padri au mchungaji namtafutia njia aitwe, ila faili silifungui mbele ya mgeni huyo. Kusali hakuhitaji majibu ya vipimo. Na akitaka tusali sisi wawili, tunasali bila kutaja ugonjwa.

Lakini hatari kubwa haiko wodini, iko kwenye kikundi cha maombi. Unajua tunavyosema: "Tumwombee mgonjwa wangu mmoja, jina silitaji, ni yule mwalimu mwenye mapacha..." Jina limefichwa, mtu ametajwa! Na umbeya ukishavaa kanzu ya sala nani atathubutu kuukemea? Mimi nikielemewa sasa nasema tu, "Niombeeni na kazi yangu," nanyamaza.

Unakikumbuka kiapo chetu cha manesi? Wengi hudhani kiliandikwa na Florence Nightingale mwenyewe, yule mwasisi wa uuguzi wa kisasa. Hapana, kilitungwa Detroit mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kikapewa jina la Nightingale kwa heshima yake. Kinaanza kwa kuapa mbele ya Mungu, na hakiishi kabla hakijagusa siri za mgonjwa na mambo ya familia yake. Nadhani siku ile niliisikia ile sehemu ya kwanza tu.

Ya pili nimejifunzia kwenye kuogesha wagonjwa. Utaratibu unaujua: shuka juu ya mwili mzima, unafunua mkono mmoja, unauosha, unaukausha, unaufunika, ndipo ufunue mwingine. Zamani niliona ni namna ya kumkinga mtu na baridi, basi. Siku hizi, hasa kwa mgonjwa asiyejitambua, ambaye hata nikimwacha wazi hatajua, naifanya polepole zaidi. Hapo ndipo ninaposali, kimyakimya. Kumsitiri mtu ambaye hawezi hata kukushukuru kunanituliza kuliko ibada nyingi nilizohudhuria, na hilo usimwambie mchungaji wangu.

Sasa yule mgonjwa wako mzee uliyeniandikia, asiyetaka kusema neno mbele ya wanawe. Usimlazimishe, wala usiwadokeze wanawe kwa kuwaonea huruma. Ngoja watoke. Funga mlango kama mlango upo, vuta kiti ukae usimsimamie kichwani, kisha umwulize anataka nani ajue nini.

Ukurasa ule wa barua yako uliomweleza nimeshauchana. Na akikujibu, usiniandikie alichosema.

Akupendaye,
Nesi mwenzio