Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Maji ya Bwawa na Kamba wa Rufiji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu maji, ingawa najua maji yana wizara yake. Maji yanayofika Delta ya Rufiji sasa hupita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na kamba wetu hawana msemaji serikalini isipokuwa wewe.

Kamba weupe, ambao ndio wengi katika nyavu za huku, huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga baharini, mayai maelfu kwa maelfu kwa mkupuo mmoja, nayo huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Viluwiluwi huchukuliwa na mkondo, wakijivua gamba tena na tena, na baada ya wiki mbili tatu huwa na umbo la kamba, urefu kama sentimita moja. Hapo huingia mtoni pamoja na maji kujaa, wakajificha katika tope na mizizi ya mikoko. Hula na kukua humo kwa miezi michache, kisha hurudi baharini kukomaa na kutaga nao.

Kinachowatoa mikokoni ni mvua. Mto ukifura wakati wa masika, chumvi hupungua kwenye hori, yaani vijito vya maji ya bahari mikokoni, na vifaranga waliokwisha pata mwili hushuka baharini. Ndiyo maana mvuvi wa Nyamisati au Mbwera huitazama anga ya Machi kama mkulima. Maji hayo hayo huleta tope lenye rutuba linaloilisha mikoko yenyewe.

Sasa mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu yote humwaga maji yake juu ya bwawa. Anayefungua milango ndiye anayeamua kama masika yatafika kwetu.

Majirani zetu Msumbiji wamekwisha yapitia haya. Bwawa lao la Cahora Bassa, kwenye mto Zambezi, lilianza kujazwa 1974. Wataalamu walipolinganisha maji ya Zambezi na mavuno ya kamba wa pwani ya Sofala, waliona kamba huongezeka mto unapofurika msimu wa mvua, na kwamba kusawazisha maji mwaka mzima huwapunguza.

Siupingi umeme wa bwawa, megawati 2,115 nchi inazihitaji. Wala siombi mafuriko kama ya Aprili 2024, yaliyosomba mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Hofu yangu ni kwamba baada ya machungu yale itaonekana busara mto utiririke kimo kimoja kuanzia Januari hadi Desemba. Kwa kamba, huo ni ukame. Na kuna faida gani kuzifungia meli za kamba msimu wa uvuvi ili kamba wazae, ikiwa watoto wao hawatapata maji ya kuwatoa mikokoni?

Naomba uketi na wenzako wa Nishati na Maji, pamoja na TANESCO na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, kabla ya masika yajayo. Maji yaongezwe hatua kwa hatua kati ya Machi na Mei, kwa kiwango kisichofika majumbani, na vijiji vitangaziwe mapema. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wawahesabu vifaranga kwenye hori kabla na baada ya maji kufunguliwa. Ratiba ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji cha delta, ili BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ziweze kuifuatilia na kukuuliza pale isipotekelezwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa delta, Kibiti